Samaki wa Tangi Rudewa: Mfuge Vizuri, Usimmwage Mtoni

Mvua zikikolea mbugani kati ya Rudewa na Kimamba, hapa wilayani Kilosa, ule udongo mweusi uliokuwa umepasuka nyufa hujifunga, madimbwi hujaa, na baada ya majuma machache watoto hukuta vijisamaki ndani yake. Dimbwi halina mto unaoingia wala unaotoka. Miezi michache nyuma ng'ombe walikuwa wakikatiza papo hapo na vumbi likitimka. Wapo wazee watakaokwambia samaki hao wameanguka na mvua, na kwa macho matupu huna cha kuwajibu.

Jibu limo ndani ya udongo wenyewe. Samaki hao ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius. Hutaga mayai kwenye tope. Dimbwi likikauka hufa wote, wakubwa kwa wadogo, lakini mayai hubaki yamelala udongoni miezi na miezi mpaka maji yarudi. Aina mojawapo, Nothobranchius steinforti, ilitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1977 na Mholanzi Ruud Wildekamp, kutokana na samaki waliovuliwa karibu na Kimamba, jirani zetu hapa. Tangu hapo samaki wa mbuga yetu amekuwa akifugwa na kuzalishwa kwenye vyumba vya watu wa Ulaya ambao hawajawahi kuona shamba la mkonge.

Nimeanza na huyu kwa sababu nataka kuzungumza na mtu wa Rudewa, Kimamba au Kilosa mjini anayetamani kuweka tangi la samaki sebuleni. Wengi huuliza kwanza bei. Mimi nakushauri uulize mambo mawili kabla hujatoa hata shilingi: samaki huyu katoka wapi, na siku ukimchoka ataenda wapi? Swali la kwanza ndilo litakalokuambia umpe maji gani, chakula gani na nafasi kiasi gani. La pili ndilo litakalouokoa Mto Wami.

Tuwaangalie wale wanaouzwa sana mijini. Samaki wa dhahabu asili yake ni China. Ni uzao wa samaki wa kawaida wa mabwawa, wa rangi ya kijivu, ambao Wachina wa enzi ya Song, kama miaka 1000 iliyopita, waliwachagua na kuwazalisha wale waliotokea kuwa na rangi ya manjano na nyekundu. Ulaya alifika karne ya 17. Akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 20 na kufikia urefu wa sentimita 20 au zaidi. Hupenda maji ya ubaridi na hutoa uchafu mwingi. Kwa joto la Kilosa na kwa tangi dogo la nyumbani, mimi simshauri mtu wa hapa amnunue. Lile bakuli la duara tunaloliona kwenye picha ni mateso kwake, wala si makazi.

Gapi ndiye anayetufaa. Katoka Trinidad, Venezuela na nchi za jirani kaskazini mwa Amerika Kusini. Jina lake limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad katika karne ya 19. Ni mdogo, huvumilia joto, hula viluwiluwi wa mbu kwa bidii, na hahitaji hita. Tatizo lake ni uzazi. Hatagi, huzaa watoto wakiwa wanaogelea, kila baada ya wiki nne hivi, na jike aliyepandwa mara moja huweza kuzaa tena na tena kwa miezi bila kukutana na dume, kwa kuwa huhifadhi mbegu mwilini. Maana yake ni kwamba jike mmoja akiponyoka mtoni anaweza kuanzisha kizazi kizima peke yake. Kwa hiyo nunua madume matupu. Ndio wenye mikia mirefu na rangi, kwa hiyo hupotezi uzuri wowote, na baada ya miezi sita hutakuwa na samaki 200 usiojua pa kuwapeleka.

Beta ni wa Thailand, nchi iliyomtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wake wa taifa wa majini. Huvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana wauzaji humweka kwenye kikopo. Asikudanganye hilo: anataka lita 20 zake mwenyewe, na madume wawili kamwe wasikae pamoja, watauana.

Mbuna wa Ziwa Nyasa na ndugu zao wa Ziwa Tanganyika ni samaki wetu waliokwisha kuzunguka dunia. Biashara ya kuwasafirisha nje ilishika kasi katika miaka ya 1960 na 1970. Upande wa Tanganyika, Mbelgiji Pierre Brichard aliiendesha kutoka Bujumbura. Hawa wanataka maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni. Pima hivyo hivyo: koroga sabuni ya mche kwenye glasi ya maji ya kisima chako. Yakitoa utando mweupe badala ya povu, mbuna ataishi. Maji ya mvua ya bati hayamfai.

Kobe mdogo wa majini mwenye alama nyekundu nyuma ya macho usimnunue kabisa. Ni wa bonde la Mississippi, Marekani. Huko kwao, tangu mwaka 1975 ni marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafikia inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua kwa vimelea vya salmonela. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997, kwa kuwa watu waliwachoka na kuwatupa mabwawani, nao wakawabana kobe wenyeji. Anaishi miongo kadhaa. Mtoto atakayemnunua leo atakuwa na watoto wake mwenyewe kabla kobe hajafa.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo samaki wengi hufia. Tangi langu la kwanza nililijaza maji ya bomba asubuhi na mchana nikatia samaki wanane. Siku ya tano walikuwa wamebaki wawili, wamelala chini wakihema. Nilidhani niliuziwa wagonjwa. Walikuwa wazima, niliwaua mimi, na niliwaua mara mbili: kwanza kwa klorini, kisha kwa uchafu wao wenyewe.

Klorini ni rahisi. Maji ya bomba, au yoyote uliyotia dawa ya kutibu maji, yaweke kwenye ndoo wazi saa 24, yakipigwa na hewa, ndipo uyatumie. Maji ya mvua kinga baada ya bati kuoshwa na mvua ya robo saa ya kwanza. Maji ya kisima yaache yatulie na udongo ushuke.

Uchafu ndio mgumu. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Haina rangi, na kwa kiasi kinachoua samaki huwezi hata kuinusa. Mtoni huchukuliwa na mkondo. Kwenye tangi hubaki pale pale mpaka waote bakteria wa kuigeuza kuwa kitu chepesi, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye changarawe na sponji. Hakuna njia ya mkato ya kweli isipokuwa kuazima: ukimjua mtu mwenye tangi zima la muda mrefu, mwombe kipande cha sponji yake chafu, kiweke kwenye tangi lako siku hiyo hiyo kikiwa kibichi. Ukikosa, jaza tangi, tia mchanga uliooshwa, tia mimea, dondosha punje chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na subiri mwezi. Kisha anza na samaki watatu. Baada ya wiki tatu ongeza wengine.

Kila wiki toa robo ya maji, urudishe mengine yaliyotulia yenye joto lile lile. Usibadilishe yote kwa mkupuo, wala usifue sponji kwa maji ya bomba, maana utaua wale bakteria uliowangoja mwezi mzima. Isuguesugue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa. Na maji hayo machafu yamwage kwenye tuta la mchicha. Ni mbolea nzuri, na chochote kilichomo, awe samaki mchanga, yai la konokono au kipande cha jani, hufia juani. Yasimwagwe kwenye mfereji wala mtaroni. Kwetu kila mtaro una njia ya kwenda kijito, na kila kijito kina njia ya kwenda Wami.

Tangi lenyewe si lazima litoke Dar es Salaam. Fundi wa vioo na aluminiamu aliye mjini anaweza kukuundia la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 kwa kioo cha milimita 6. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Liache likauke wiki nzima, kisha lijaze maji nje ya nyumba usiku kucha uone kama linavuja. Linabeba lita 54, yaani uzito wa mfuko mzima wa saruji na nyongeza, kwa hiyo stuli ya kahawa haitalimudu. Liweke mbali na dirisha lenye jua la mchana, ama sivyo maji yatapanda joto na kugeuka kijani. Wenye uwezo mdogo waanze na beseni kubwa au pipa la plastiki lililokatwa, ila nina onyo moja ambalo natamani lishikwe na kila mtu wa huku kwetu: chombo kilichowahi kubeba dawa ya shambani, ya pamba, ya mahindi au ya mkonge, hakisafishiki. Hata ukikiosha mara kumi. Na mikono iliyotoka kupuliza dawa isiingie kwenye tangi.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa itasimama. Njia ya kujikinga ni kuwa na samaki wachache tangu mwanzo: madume 10 ya gapi katika lita 54, basi. Umeme ukikosekana usiku kucha, usiwalishe siku hiyo, na chota maji kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu mara kwa mara ili yashike hewa.

Safari ya kuwaleta samaki kutoka Dar es Salaam ina siku yake ya kupangwa. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, watu wengi hugeuza. Utie ndani ya boksi au kapu lenye kanga iliyolowa maji, usiuweke kwenye buti la basi juu ya injini wala dirishani. Ukipita Dumila na Msowero, utafika mchana wa joto. Treni ya mwendokasi hadi Kilosa haiwachoshi samaki kama basi, lakini zimebaki kilomita 24 za kurudi Rudewa, nazo zipangie kivuli. Ukifika, elea mfuko ndani ya tangi dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila dakika tano, mara nne au tano. Wachote samaki kwa kichujio uwatie, na maji ya mfuko uyamwage ardhini. Maji ya dukani hubeba magonjwa. Kama tayari una samaki nyumbani, wageni wakae ndoo ya peke yao wiki mbili kwanza. Ukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini, umefanya vyema kuwatenga.

Chakula kipo bure. Weka ndoo ya maji nje, kivulini, ndani yake majani makavu kidogo. Mbu watataga, na baada ya siku chache viluwiluwi watakuwa wakichezacheza. Vua kwa kichujio cha chai, suuza, walishe samaki. Sharti ni kwamba uvue kila baada ya siku tatu au nne na kilichobaki ukimwage kwenye udongo mkavu, bila kukosa, kwa sababu kiluwiluwi huhitaji wiki moja au kidogo zaidi kuwa mbu. Ukijua hutakuwepo nyumbani, mwaga ndoo. Sikutumi ufuge malaria. Wape kiasi watakachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Minyoo ya ardhini iliyokatwakatwa inafaa, mchicha uliochemshwa unafaa. Ugali na mkate havifai, huoza chini na kuongeza ile amonia. Funika tangi kwa kipande cha chandarua ili samaki wasiruke nje na mbu wasiingie.

Sasa lile swali la pili. Itafika siku utahama, au samaki watazidi, au mtoto aliyewapenda ataenda shule ya bweni. Mtu mwenye huruma ndiye hasa anayefanya kosa, kwa sababu huona heri awape uhuru mtoni kuliko kuwaua. Huruma hiyo imeharibu maji mengi duniani. Wakati mwingine ni biashara yenyewe. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwahamisha mbuna kutoka sehemu nyingine za ziwa na kuwaleta kwenye kisiwa cha Thumbi West ili wawavue kwa urahisi. Ilikuwa katika miaka ya 1960 na 1970, na wageni hao wamo mpaka leo, wengine wakichanganya damu na wenyeji. Hilo ni ziwa lile lile, wamehamishwa ndani yake tu. Magugu maji yaliyosonga Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni ua la Amerika Kusini lililotembezwa duniani kwa sababu ya uzuri wake kwenye vidimbwi vya bustani.

Mkulima wa mpunga wa Rudewa na Mvumi namwomba asikilize habari ya Mwea, Kenya. Mwaka 2020 alithibitishwa huko, kwenye skimu kubwa ya mpunga, konokono wa majini wa Amerika Kusini anayeitwa Pomacea canaliculata. Anakula mche wa mpunga ukiwa mchanga. Barani Asia alisambazwa kwa ajili ya chakula na pia kwa ajili ya matangi ya samaki. Mayai yake ni ya waridi, yamebandikwa kama zabibu ndogo juu ya usawa wa maji, kwenye shina au ukuta. Ukinunua mmea wa tangi, ukague upande wa chini wa kila jani, uuloweke kwenye ndoo ya peke yake wiki mbili, na ukiona mayai ya rangi hiyo ponda, kisha mpigie afisa kilimo.

Na Wami una wake wa kulindwa. Perege wa mto huu na wa Rufiji, Oreochromis urolepis, ana sifa inayojulikana na wafugaji wa samaki dunia nzima. Mwaka 1960 zilitolewa habari za majaribio yaliyofanyika Malacca, Malaya: dume wa perege huyu, aliyefika kule kutoka Zanzibar, alipopandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto walitoka madume matupu. Kwa mfugaji hiyo ni faida kubwa, kwani madume hukua haraka na bwawa halijai watoto. Perege wa namna hiyo ni mali. Lakini watafiti wamemkuta sato wa kuletwa katika mito na mabwawa mengi ya Tanzania ambako si kwao, akizaa na perege wenyeji. Kwenye wilaya iliyofurika kama Kilosa ilivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, bwawa la samaki lililochimbwa bondeni ni mlango ulioachwa wazi. Mwenye bwawa alichimbe juu, alizungushie tuta refu kuliko alama ya mafuriko ya mwisho, na mdomo wa kutolea maji auzibe kwa wavu wa matundu madogo. Tangi la sebuleni na bwawa la sato vina hatari ya aina moja, tofauti ni ukubwa.

Kwa hiyo siku ya kuwachoka ikifika, fanya haya. Mrudishie muuzaji, au mpe jirani mwenye tangi, au shule. Ikishindikana kabisa, mafuta ya karafuu yanayouzwa dukani kwa ajili ya meno ndiyo njia ya upole. Tikisa matone 10 kwa kila lita kwenye chupa yenye maji kidogo ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, yamimine polepole kwenye chombo chenye samaki. Atalala, kisha ataacha kuhema. Mwache humo nusu saa nyingine, umzike shambani. Usimtupe chooni wala mferejini. Ni jambo zito kulifanya mbele ya mtoto, lakini mtoto akielezwa kwa nini, ataelewa kuliko tunavyodhani.

Narudi mbugani. Kama samaki wa madimbwi ni wa hapa, kwa nini usimfuge yeye? Jibu langu ni kwamba mara nyingi inatosha kumtazama. Anaishi miezi michache tu. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa mara ya kwanza mwaka 1968, huweza kufikia umri wa kuzaa siku 14 baada ya kuanguliwa, na kwa kuwa huzeeka upesi hivyo, maabara za nchi nyingi humtumia kuchunguza uzee wa binadamu. Dimbwi moja laweza kuwa na kizazi kisichopatikana dimbwi la pili. Ukizoa ndoo nzima ili uuze, umezoa pia mayai ya mwaka ujao ambayo yalikuwa bado hayajatagwa. Na kinachowamaliza zaidi ya wavu ni kifusi, trekta na dawa: dimbwi likifukiwa au kulimwa kiangazi, hakuna anayeona samaki wakifa, kwa sababu wakati huo ni mayai ndani ya udongo mkavu.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi ajabu hii anaweza, akianza kwa serikali ya kijiji na afisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Uvuvi wa samaki wa mapambo na kuwasafirisha una sheria yake, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi hakichukuliwi kitu. Akipata ruhusa, achukue dume mmoja mwenye rangi kali na majike wawili wa kijivu, si zaidi, kwa wavu wenye mpini mrefu na miguu ikiwa ndani ya mabuti, maana madimbwi yana kichocho. Chombo cha lita 20 kinatosha. Chini aweke bakuli la vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kusuuzwa. Humo watataga kila siku. Chakula kiwe hai, viluwiluwi na wadudu wadogo wa majini. Baada ya wiki mbili alitoe vumbi lile, alikamue kwa ngumi mpaka libaki na unyevu wa tumbaku, alitie kwenye mfuko wa plastiki ulioandikwa tarehe na jina la dimbwi, aliweke kabatini gizani. Ndipo darasa lisubiri miezi, mitatu, minne, mingine zaidi, likichungulia mara moja moja mpaka jicho la kiinitete lionekane ndani ya yai. Siku hiyo mimina maji ya mvua yaliyotulia, kina cha vidole vitatu. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani huenda wakaona samaki wakitoka kwenye vumbi. Waliozaliwa darasani wabaki darasani, wasirudishwe mbugani, wala wa dimbwi moja wasichanganywe na wa jingine.

Wengine wote tunahitaji chupa moja ya kioo yenye mdomo mpana. Masika ijayo nenda na watoto wako mpaka dimbwi la karibu, chota vijisamaki viwili, inua chupa kwenye mwanga muone rangi zake, mwambie mtoto kwamba hakuna aliyeanguka na mvua. Kisha uvirudishe kwenye dimbwi lile lile kabla hamjaondoka, na mkiona fito za kupimia kiwanja zimechomekwa kando yake, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji kilichomo ndani ya udongo huo.